Gemu Haizeeki, Mazingira Ndiyo Yanayohama



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa la kitoto: gemu za kompyuta za zamani zinazogoma kufunguka kwenye mashine mpya, au zinazofunguka kisha kujifunga ghafla. Nimekubali kwa sababu ndani yake mna swali la watu wazima. Programu iliyofanya kazi vizuri mwaka 2000, na ambayo hakuna aliyeigusa tangu hapo, inaharibikaje?

Jibu tulilolizoea ni kwamba imepitwa na wakati. Fundi analisema, mteja analikubali, kila mmoja anakwenda zake. Leo nataka kulipinga jibu hilo. Faili la programu halichakai. Ukilinakili vizuri, baiti zake ni zile zile zilizotoka kwa mtengenezaji. Kilichobadilika ni kila kinacholizunguka: prosesa, mfumo endeshi, draiva za kadi ya picha, skrini, hata kanuni za usalama. Gemu inapoanguka, basi kuna kitu ilichokuwa inakitegemea bila kukitaja popote, na kitu hicho kimeondoka. Kutafuta hitilafu katika programu za zamani ni kutafuta tegemeo hilo lililofichika. Nitaleta kesi nne za kweli, kisha nitaeleza utaratibu wa kazi, na mwisho nitasema kwa nini jambo hili linatuhusu hata sisi tusiocheza gemu.

Kesi ya kwanza: kasi iliyozidi

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya megahezi 4.77. Waandishi wengi wa gemu za wakati ule hawakujisumbua kupima muda. Waliandika mzunguko wa maagizo, wakaona mhusika anatembea kwa mwendo unaopendeza, wakapeleka gemu sokoni. Mashine zilipoongezeka kasi, mhusika yule yule akawa anavuka skrini kabla mchezaji hajagusa kitufe. Ndiyo maana kompyuta nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na kitufe cha "Turbo" kwenye kasha. Ingawa jina lake linaashiria kuongeza mwendo, faida yake kubwa ilikuwa kwamba ukikizima, mashine inapungua kasi na programu za zamani zinatumika.

Hata waliojaribu kuwa waangalifu walinaswa. Turbo Pascal, lugha ya programu iliyouzwa na kampuni ya Borland, ilikuja na sehemu ya maktaba iitwayo CRT, ambayo miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuisubirisha programu kwa milisekunde kadhaa. Ili ijue milisekunde moja ni ndefu kiasi gani kwenye mashine husika, CRT ilifanya hesabu mara tu programu ilipofunguliwa. Ilihesabu mizunguko ambayo prosesa inaweza kuikamilisha katika pigo moja la saa ya ndani, yaani kama milisekunde 55, kisha ikagawanya idadi hiyo kwa 55. Jibu lilipaswa kutosha kwenye biti 16, maana yake lisizidi 65,535. Mwanzoni hapakuwa na prosesa iliyokaribia kikomo hicho. Prosesa za megahezi 200 na zaidi zilipoingia sokoni katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, jibu likafurika. Programu zikaanza kufa kabla hazijaonyesha chochote, zikiacha maneno haya tu: Runtime error 200.

Ukifungua mwongozo wa Pascal, kosa namba 200 ni kugawanya kwa sifuri. Lakini hapa hakuna sifuri. Kigawanyo ni 55. Prosesa za ukoo wa Intel hutoa ishara moja kwa makosa mawili, yaani kugawanya kwa sifuri na kupata jibu kubwa lisilotosha mahali lilipopangiwa. Pascal iliipokea ishara ile na kuisoma kwa maana ya kwanza. Fundi aliyekwenda kutafuta sifuri angetafuta hadi leo. Tuchukue hapa kanuni itakayotufaa mbele: ujumbe wa kosa hutaja mahali programu ilipoangukia, na si lazima utaje kilichoiangusha.

Kesi ya pili: majibu marefu kuliko karatasi

Gemu kadhaa za miaka ya karibu na 2000 zilijengwa juu ya injini ya Quake III Arena, iliyotolewa na id Software mwaka 1999. Gemu za aina hii zinapoanza huiuliza draiva ya kadi ya picha: una uwezo gani? Draiva hujibu kwa mfuatano mmoja mrefu wa herufi, jina la uwezo mmoja baada ya jingine. Baadhi ya gemu hizo huunakili mfuatano wote huo kwenye nafasi ya kumbukumbu yenye ukubwa uliopangwa mapema.

Mwaka 1999 orodha ilikuwa fupi, na nafasi ile ilitosha na kubaki. Kila mwaka watengenezaji wa kadi waliongeza uwezo mpya, orodha ikarefuka. Kwenye kadi ya leo herufi zinafurika nje ya nafasi iliyotengwa, zinaandika juu ya data nyingine, na gemu inajifunga kabla ya menyu kutokea. Angalieni ubaya wa jambo hili: kadi haina kasoro, draiva haina kasoro, tena kadi inaonewa kwa sababu ya kuwa na uwezo mwingi.

Tiba yake inafurahisha. Kwenye Linux, mradi wa Mesa unaotengeneza draiva huria una kigezo kiitwacho MESA_EXTENSION_MAX_YEAR. Ukikipa thamani ya 2003, draiva inaficha uwezo wote uliobuniwa baada ya mwaka huo, orodha inakuwa fupi, na gemu inafunguka. Hakuna aliyeigusa gemu. Kilichofanyika ni kuifanya kompyuta ya leo ijibu swali kama ambavyo ingejibu kompyuta ya 2003. Tiba nyingi katika fani hii zina umbo hilo. Ile "Compatibility mode" ya Windows nayo, kwa sehemu kubwa, ni utaratibu wa kuijibu programu kwa majibu iliyoyazoea: ikiuliza namba ya toleo la Windows, inapewa namba ya zamani, ikitaka tabia fulani ya enzi zile, inatengenezewa.

Kesi ya tatu: ndege iliyopotea

Kesi hii ni ya juzi, na gemu yenyewe wengi humu mmeicheza, wengine kwenye vibanda vya kulipia kwa dakika. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka kwa PlayStation 2 mwaka 2004 na kwa kompyuta mwaka 2005. Ndani yake mna ndege ndogo ya kutua majini iitwayo Skimmer. Kwa karibu miaka 20 ndege hiyo ilionekana na kuruka bila shida. Microsoft ilipotoa toleo la 24H2 la Windows 11 mwishoni mwa 2024, Skimmer ikatoweka. Wachezaji waliotumia mbinu za kuilazimisha itokee, kisha wakaipanda, walijikuta wamerushwa juu angani mbali kupita kiasi.

Watu wakailaumu Microsoft, na kwa haraka haraka walikuwa na hoja: jana inafanya kazi, leo sasisho limeingia, leo haifanyi kazi. Mwandishi wa programu anayejulikana kwa jina la Silent, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitengeneza viraka vya gemu za mfululizo huu, aliifuatilia hitilafu hadi kwenye mzizi na kuchapisha matokeo mwaka 2025.

Gemu hii huhifadhi maelezo ya magari yake katika faili la maandishi liitwalo vehicles.ide. Kila chombo kina mstari wake: namba, jina, aina, na mwishoni vipimo vya magurudumu. Katika gemu iliyotangulia, Vice City, Skimmer iliandikwa kama boti, na boti haihitaji vipimo vya magurudumu. Katika San Andreas aina yake ikabadilishwa kuwa ndege, lakini hakuna aliyekumbuka kuongeza vipimo ambavyo ndege nyingine zote zinavyo. Mstari wa Skimmer ukabaki mfupi.

Programu iliposoma mstari huo haikuhakikisha kama imepata thamani zote. Zile zilizokosekana zilibaki na chochote kilichokuwa tayari kwenye sehemu ile ya kumbukumbu ya muda. Na palikuwa na nini? Palikuwa na vipimo vya chombo kilichosomwa mstari wa juu yake, gari la bidhaa liitwalo Topfun, lenye magurudumu ya kipimo cha 0.7. Skimmer ilikuwa kama mpangaji anayekuta godoro la aliyetangulia chumbani akadhani ni mali ya nyumba, akalilalia miaka yote.

Windows 11 24H2 ilibadilisha jinsi kazi mojawapo ya ndani ya mfumo inavyotumia sehemu ile ya kumbukumbu kati ya kusoma mstari mmoja na unaofuata. Ni haki yake. Mfumo haujawahi kumwahidi mtu kwamba utaacha mabaki yakae salama. Sasa mabaki ya Topfun yakafutwa, mahali pake pakaingia takataka ya namba, na hesabu ya urefu wa ndege juu ya ardhi ikatoa jibu la ajabu. Kosa lilikuwa ndani ya gemu tangu siku ya kwanza. Lingeweza kujitokeza kwenye toleo lolote la Windows. Ilitokea tu kwamba kila toleo lililotangulia liliacha godoro mahali pake. Kwa hiyo "ilikuwa inafanya kazi" si ushahidi kwamba ilikuwa sawa.

Kesi ya nne: mlinzi wa mlangoni

Mara nyingine gemu yenyewe ni nzima, ila haiingiliki. Gemu nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 ni programu za biti 32, lakini programu ya kuzisakinisha iliyo kwenye sidii ni ya biti 16. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Windows 10 mwezi Oktoba 2025, wanaohamia toleo jipya wanakutana na ukuta huu. Gemu ingeweza kucheza, kama kungekuwa na wa kuitoa kwenye sidii.

Mlinzi mwingine ni SafeDisc, mfumo wa kuzuia unakili uliotumika kwenye gemu nyingi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ulitegemea draiva iitwayo secdrv.sys, iliyokaa katika kiini cha mfumo endeshi kabisa. Mwaka 2007 draiva hiyo ilipatikana na tundu la kiusalama. Windows 10 ilipotoka 2015 haikuikubali, na Septemba mwaka huo huo sasisho la usalama likaizima hata kwenye matoleo ya nyuma. Aliyenunua sidii halali akajikuta hawezi kucheza alichokilipia, wakati nakala isiyo halali, iliyonyofolewa kinga hiyo, inafunguka bila swali. Sisi tuliokulia kwenye sidii za kunakiliwa za mitaani tunaielewa kejeli hiyo. Simshauri mtu kurudi huko. Njia safi ni kutafuta toleo linalouzwa upya bila kinga, na duka la GOG la Poland, lililoanza 2008, limejenga biashara nzima juu ya kazi ya kuandaa gemu za zamani ziendeshwe kwenye mashine za sasa.

Utaratibu wa kazi

Sasa, mtu ana gemu mkononi na inajifunga. Aanzie wapi?

Kwanza, atambue enzi ya gemu, kwa sababu enzi ndiyo inayochagua zana. Gemu ya DOS haina haja ya kubembelezwa ndani ya Windows. Ipelekwe moja kwa moja kwenye DOSBox, emuleta iliyopo tangu 2002, inayoigiza prosesa, kadi ya sauti na mengineyo ya enzi hizo, na inayokuruhusu kupunguza kasi upendavyo. Gemu za visa na mafumbo za kampuni ya LucasArts na wenzake zina programu ya kuziendesha, ScummVM. Zile za Windows za kati ya 1996 na 2005 mara nyingi husumbuka kwenye picha, na hapo dgVoodoo2 husaidia: hukaa katikati, ikapokea maagizo ya zamani ya kuchora na kuyageuza kuwa yale ambayo kadi ya leo inayaelewa. Gemu za biti 16 za Windows 3.1 ziwekwe ndani ya kompyuta pepe yenye mfumo wake.

Pili, aandike ni lini inajifunga, kwani wakati wa kuanguka hupunguza washukiwa. Ikifa kabla ya kuonyesha chochote, shuku kinga ya unakili, faili za maktaba zinazokosekana, au hesabu za mwanzoni kama ile ya Pascal. Ikifa inapobadilisha ukubwa wa picha, shuku draiva na skrini. Ikikataa kwa kudai huna nafasi kwenye diski au kumbukumbu ya picha wakati unazo tele, shuku namba iliyofurika: namba ya biti 32 yenye alama inaishia 2,147,483,647, na ikizidi hapo inasomeka kuwa hasi. Ikicheza saa nzima kisha ikafa kwenye ramani kubwa, huenda imegonga kikomo cha gigabaiti 2 ambacho programu za biti 32 hupewa kwa kawaida.

Tatu, aiondoe kwenye folda ya Program Files. Tangu Windows Vista, programu ya kawaida hairuhusiwi kuandika humo, na gemu za zamani huhifadhi maendeleo ya mchezaji kwenye folda zao zenyewe. Windows huyaelekeza mafaili hayo kwingine kimyakimya, na mchezaji hudhani yamepotea. Folda ya kawaida kama C:\Michezo humaliza ugomvi huo bila kuipa gemu mamlaka ya msimamizi.

Nne, abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati, na akirudishe kisiposaidia. Hapa ndipo wengi wetu hushindwa. Tunaweka "Compatibility mode", tunapunguza rangi, tunaifungia kwenye kiini kimoja cha prosesa, tunapakua viraka vitatu, vyote kwa mkupuo. Ikifunguka hatujui nini kilisaidia. Isipofunguka hatujui kipi kimeongeza tatizo. Anayefanya hivyo anapiga ramli.

Tano, asome kumbukumbu ya matukio ya Windows, lakini aisome kwa tahadhari. Itamtajia jina la moduli iliyoangukiwa. Ikitaja draiva ya kadi ya picha, huo ni mwanzo wa upelelezi na wala si hukumu. Kumbukeni 55 na sifuri.

Na kama yote yamegonga ukuta, mashine ya enzi zile bado ni suluhisho. Kwetu kompyuta za mtumba hazijawahi kukosekana sokoni, na mashine ya Windows XP yenye kadi yake ya wakati ule huendesha gemu za 2002 bila maswali. Sharti ni moja: isiunganishwe na intaneti, kwa maana hakuna anayeziba matundu yake ya usalama tena.

Kwa nini tujali

Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation, kwa kushirikiana na Software Preservation Network, ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena. Maktaba na wahifadhi waliomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti gemu hizo kwa mbali, na mwaka 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikawakatalia. Kwa hiyo kazi ya kuzifufua imebaki kwa watu wanaojitolea, wengi wao wakitumia jioni zao kufuatilia mistari mifupi kwenye mafaili ya wengine.

Tulinganishe na Doom. Ilitoka Desemba 1993, na Desemba 1997 id Software wakaachia msimbo wake hadharani. Leo hakuna anayehangaika kuilazimisha Doom ifunguke, kwa sababu kila mfumo mpya unapotokea kuna mtu anayeuchukua msimbo ule na kuurekebisha. Doom haikuandikwa na malaika. Ina kasoro zake kama gemu nyingine za wakati wake. Tofauti ni kwamba mategemeo yake yanasomeka, na yanayosomeka yanarekebishika.

Hapa ndipo mhadhara huu unapotoka kwenye gemu. Ofisi nyingi za kwetu zinaendesha mishahara, stoo, au kumbukumbu za wanafunzi kwa programu zilizoandikwa miaka 20 iliyopita na mtu ambaye hayupo tena. Zinafanya kazi, na hakuna anayejua kwa nini. Siku kompyuta ile itakapobadilishwa, itakayoanguka haitakuwa ndege ya kuchezea. Kila programu ya aina hiyo inahitaji karatasi moja tu, iandikwe sasa wakati bado inafanya kazi: imeandikwa kwa lugha gani, inahitaji toleo gani la mfumo endeshi, inaandika mafaili wapi, inategemea draiva gani na printa gani, na sidii yake ya kusakinisha iko kabati gani. Msimbo wenyewe ukipatikana, utunzwe pamoja na karatasi hiyo.

Ni kazi ya nusu siku kwa programu moja. Wanafunzi wa kompyuta walioko humu wanaweza kuifanya wakati wa mafunzo yao kazini, na wataondoka na ujuzi wa upelelezi ambao hakuna mtihani unaoufundisha. Nawaombeni wakuu wa ofisi mlioko hapa muwape nafasi hiyo, na muanze na ile programu ambayo mmekuwa mkiogopa hata kuizima kompyuta yake.